Sindano ya Ng'ombe Iliyoponya Nyumbu

Juzi hapa Kariakoo, kwenye benchi la muuza kahawa, muuza nyama mmoja aliposikia nimetoka Serengeti alinirushia swali. "Mwandishi, sisi huku kilo ya nyama inatutoa jasho, na huko nyumbu zaidi ya milioni wanazurura tu. Hivi nani anawafuga?"

Watu wakacheka. Mimi nililichukua swali lile kwa uzito, maana jibu lake nilikuwa nimetoka kulisikia Seronera, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kilipo kituo cha utafiti wa wanyamapori. Taasisi ya utafiti ilianzishwa pale mwaka 1966, na sasa kazi hiyo iko chini ya taasisi ya taifa, TAWIRI.

Kazi kubwa ya watafiti ni kuhesabu. Ndege ndogo huruka kwa mistari iliyonyooka, kwa kimo kilekile, ikipiga picha kila baada ya umbali fulani. Kisha watu hukaa chini na kuhesabu vidoa vyeusi kwenye picha, kimoja kimoja. Macho huuma. Waliotangulia katika kuhesabu kwa ndege ni Wajerumani wawili, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, walioruka na ndege iliyopakwa milia ya punda milia. Walipata nyumbu wasiofika laki moja, hesabu ambayo baadaye ilionekana kuwa pungufu. Michael alikufa Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tumbusi, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Sasa sikiliza maajabu ya hesabu. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa kiasi cha laki mbili na nusu. Kufikia 1977 walishapita milioni moja. Hakuna aliyewaleta kwa lori, na mvua peke yake haielezi ongezeko la namna hiyo. Siri ilikuwa sotoka.

Wazee wa ufugaji wanaijua sotoka. Iliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890, ikafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu, na Wamasai wengi wakafa kwa njaa baada ya mifugo kwisha. Kwa miongo mingi baadaye iliendelea kuua ndama wa nyumbu. Watu wengi waliamini kwamba nyumbu ndio ghala la ugonjwa, wakiwaambukiza ng'ombe. Kumbe mambo yalikuwa kinyume. Ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu katika miaka ya mwanzo ya 1960, ingawa hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano. Chanjo iliyokuja kuimaliza sotoka ilitengenezwa jirani hapa, Muguga nchini Kenya, na Walter Plowright na wenzake. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa.

Basi nikamjibu muuza nyama: hawafugwi na mtu, ila waliponea kwenye mazizi ya ng'ombe, nje ya hifadhi. Naye akataka kujua kwa nini basi hawatulii mahali pamoja wakanenepa.

Hawawezi. Nyanda za kusini zina udongo wa majivu ya volkano na majani mafupi yenye madini mengi, ndiyo maana huzaa kule, wengi wao katika wiki chache za mwanzo wa mwaka. Lakini mvua ikikatika hakuna maji. Hapo inabidi wapande kaskazini mpaka Mto Mara, wakivuka penye mamba, na wengi huzama.

Huko kwenye baridi kali, Kanada na Alaska, kuna mnyama mwingine mla majani ahamaye hivyo hivyo. Jina lake huko ni karibu, kama tunavyomwambia mgeni, na watafiti wake pia humhesabu kwa picha za ndege. Kundi moja la mashariki ya Kanada, la Mto George, lilikuwa na wanyama zaidi ya laki saba mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2018 hawakufika elfu kumi. Nasema hili kwa sababu nimewahi kumsikia mtu mzima, tena msomi, akisema milioni ya nyumbu haiwezi kwisha.

Nilipokuwa Seronera nilidhani nitaelezwa habari za majangili tu. Wapo, na mitego ya waya ipo. Lakini linalowanyima watu usingizi zaidi ni Mara yenyewe, mto pekee wa uhakika wakati wa kiangazi kikali. Chimbuko lake ni msitu wa Mau, Kenya, ambao umekatwa sana, na njiani maji yake hunyweshea mashamba na miji kabla hayajafika kwetu. Askari wa hifadhi, hata awe hodari vipi, hana amri juu ya mti unaoangushwa Mau.

Muuza nyama alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama nyama yake ni tamu.