JUA NA MIFUPA YA WAZEE WETU

Mzee anaamka asubuhi, anajishika ukutani. Kusimama ni taabu. Kiuno kinauma, mapaja hayana nguvu. Watu wa nyumbani husema, "Ni uzee tu huo." Mara nyingi ni kweli. Lakini pengine mwili wake umepungukiwa na kitu kinachopatikana bure. Kitu hicho kinaitwa vitamini D.

Vitamini D huusaidia mwili kuchukua madini ya kalsiamu kutoka kwenye chakula, ili mifupa iwe migumu. Tunaweza kula dagaa na kunywa maziwa, lakini vitamini D ikikosekana, sehemu kubwa ya madini hayo hupita tu ikatoka. Mtoto hupata matege. Kwa mtu mzima mifupa hulainika na kuuma, na misuli ya mapaja hulegea. Mzee wa namna hiyo huanguka upesi, na akianguka anaweza kuvunjika nyonga.

Vyakula vyenye vitamini hii ni vichache: samaki wenye mafuta, maini, kiini cha yai. Ndizi, maharage na ugali wa muhogo havina. Basi sisi tunategemea jua. Miale yake ikipiga ngozi, ngozi yenyewe hutengeneza vitamini D.

Hapo msomaji atauliza: jua la Ngara na Biharamulo limepunguka lini? Swali zuri. Mwaka 2012 wataalamu kutoka Uholanzi walitoa taarifa ya damu ya Wamasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania. Wastani wao ulikuwa 115, kwa kipimo ambacho chini ya 50 huhesabiwa upungufu. Walikuwa nayo tele! Lakini hao ni watu wanaoshinda nje, wakichunga na kuwinda.

Mzee wetu je? Ngozi ya mzee hutengeneza kidogo kuliko ya kijana, hata wakikaa jua moja. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu kuliko nyeupe. Halafu kwa baridi ya milima yetu, mzee kavaa koti, suruali ndefu na kofia, kakaa jikoni kuota moto. Jua linamwona uso na viganja tu. Na moto wa kuni, hata uwake vipi, hautengenezi vitamini D. Huko Marekani, mwaka 2009, wazee wanaume walipimwa, na kama mmoja katika kila wanne alikuwa na upungufu. Waliokuwa wakifanya kazi bustanini walikuwa na nafuu.

Jua lipi linafaa? Tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua hilo linafanya kazi. Kikiwa kirefu, kama asubuhi sana au jioni, faida ni ndogo. Mzee avue koti, akunje mikono ya shati na suruali, akae nje kama nusu saa, siku kadhaa kwa wiki. Asiungue. Kukaa ndani nyuma ya dirisha la kioo hakusaidii, maana kioo huzuia miale inayotakiwa. Mgonjwa asiyeweza kutembea atolewe nje na mkeka wake.

Ushauri huu haumhusu ndugu mwenye ualbino. Yeye jua humletea saratani ya ngozi. Ajifunike.

Kuhusu vidonge, tusikimbilie vya kuuziwa mnadani. Mwaka 2022 Wamarekani walitoa matokeo ya watu zaidi ya 25,000 waliofuatiliwa. Kwa watu wazima wenye afya ya kawaida, vidonge vya vitamini D havikupunguza kuvunjika mifupa. Vinamfaa aliyepungukiwa, naye apewe na mganga.

Tena si kila maumivu ya kiuno ni vitamini D. Mzee akiumwa mgongo usiku kucha, akikonda, akipata homa au akikojoa kwa shida, msimwanike juani mkasubiri. Mpelekeni kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Huenda ni kifua kikuu cha mgongo, au ugonjwa wa tezi dume.