Kabla ya Kumshitaki Shetani, Tazama Mwaka wa Chapa

Siku hizi swali linanifika kabla sijakaa. Linanifika baada ya ibada, kwenye foleni ya benki, hata ndani ya daladala ya Mikindani: "Mwalimu, ni kweli maandiko yanabadilika yenyewe?" Muulizaji huwa hataki jibu, anataka nikubaliane naye. Ameshaonyeshwa video. Msemaji asiyeonekana uso anadai kwamba Biblia zote duniani, hata zilizofungiwa kabatini, zimegeuzwa kwa nguvu za giza, au kwa ile mashine ya CERN iliyofukiwa ardhini mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Ushahidi ni Isaya 11:6. Sote tunakumbuka simba amelala na mwana-kondoo. Fungua sasa, utakuta mbwa-mwitu. Basi, kazi imekwisha.

Nafundisha Agano Jipya na Kigiriki chake hapa Mtwara, na jibu langu ni hapana. Hakuna aya iliyogeuka ndani ya kabati la mtu. Biblia ya Kiswahili imebadilishwa, tena zaidi ya mara moja, lakini mchana kweupe, na watu wenye majina, na mwaka ukapigwa chapa ukurasa wa mbele. Ukurasa huo ndio hausomwi.

Tuanze na huyo mbwa-mwitu, maana ndiye anayenisumbua zaidi. Mwaka 1947 magombo ya kale yalianza kutolewa katika mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Mojawapo lina kitabu cha Isaya chote, nalo liliandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Mle ndani ni mbwa-mwitu. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ina mbwa-mwitu. Kilatini cha Jerome kina mbwa-mwitu. King James ya 1611 ina mbwa-mwitu, na Union Version yetu ya Kiswahili ya 1952 pia. Kwa hiyo huyo mchezea maandiko ingembidi aingie kwenye ngozi iliyolala pangoni karibu karne 20, apite kila maktaba, afute na kuandika upya Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na kila ufafanuzi uliopata kuandikwa juu ya Isaya, kisha, baada ya kazi yote hiyo, asahau kufuta kumbukumbu ya mtu mmoja wa Chikongola. Shetani gani huyo mzembe?

Simba katoka wapi? Katoka mlemle. Aya hiyohiyo ina mwana-simba akiwa na ndama, na aya inayofuata ina simba anayekula majani. Ufunuo 5 ina Simba wa kabila la Yuda na Mwana-Kondoo, wote katika mistari miwili. Ongeza kalenda ya ukutani yenye picha ya simba na kondoo, ongeza kwaya, na akili imeshashona kipande kimoja kutoka vitatu. Wanasaikolojia wa Marekani Roediger na McDermott walilionyesha jambo hili mwaka 1995: wasomee watu orodha ya maneno kama kitanda, ndoto, kuchoka, kisha uwaulize kama walisikia neno "usingizi". Wengi wataapa kwamba walilisikia, na halikutajwa kabisa. Hawasemi uongo. Kumbukumbu hujenga, na ikishajenga haituambii ni tofali lipi iliongeza yenyewe.

Ndiyo maana hoja ya "lakini mimi nakumbuka vizuri" hainitikisi hata kidogo. Watu wangapi wamenitajia "Jisaidie nikusaidie" kama neno la Mungu? Halimo, na halijawahi kuwamo. Mamajusi watatu? Mathayo hakutoa idadi yao, alitaja zawadi tatu. Mama mmoja alinijia na machozi kwamba neno Kalvari limefutwa kwenye Biblia yake. Nikamfungulia Luka 23:33 katika Union Version ya zamani iliyochakaa jalada: Fuvu la Kichwa. Kalvari imetokana na Kilatini, ikapita kwenye Kiingereza cha King James, ikatufikia kupitia nyimbo. Ameiimba maisha yake yote, hakuisoma mahali hapo. Na mvuvi wa Msimbati aliyegundua kwamba Yona alimezwa na samaki mkubwa, si nyangumi, aligundua kweli, ila hakusoma hadi Mathayo 12:40, ambapo Union hiyohiyo inasema nyangumi. Yote mawili yamo katika kitabu kimoja tangu 1952.

Hapa pwani tuna mfano karibu wa namna ya kuhifadhi maneno, na hatuutazami. Mtoto wa madrasa pale Mikindani akiteleza irabu moja, mwalimu anamrudisha papo hapo, na wenzake wamemsikia. Kumbukumbu yake inakaguliwa kila siku. Wakristo wengi tunakumbuka kwa wimbo, kwa mahubiri na kwa picha, hakuna anayetukagua, halafu tunashangaa kitabu kikitupinga.

Hili jambo hata jina lake, Athari ya Mandela, limetokana na kumbukumbu mbovu. Karibu na mwaka 2010 Wamarekani kadhaa walisadiki kwamba Nelson Mandela alifia gerezani miaka ya 1980, na walipoambiwa yu hai wakaona dunia ndiyo iliyobadilika. Katika mkoa uliopakana na vita vya ukombozi vya Msumbiji, ambako redio ilisikilizwa kwa zamu, nani angekosea hivyo? Mandela alifunguliwa Februari 1990, na mwezi uliofuata alikuwa Dar es Salaam. Aliyedhani amekufa hakuwa anasikiliza Radio Tanzania, basi.

Sasa tuje kwa walalamikaji wenye hoja kidogo, wanaosema mstari wa kufunga umeondolewa. Mathayo 17:21, kuhusu pepo asiyetoka ila kwa sala na kufunga. Katika tafsiri kadhaa za karibuni namba inaruka kutoka 20 hadi 22, au maneno yamehamia kwenye tanbihi. Hapo nawasifu macho yao. Lakini wafungue Union ya 1952: aya hiyo imo ndani ya mabano ya mraba. Mabano yale si pambo. Watafsiri walikuwa wanakwambia kwamba hati kongwe hazina maneno haya. Codex Vaticanus ya karne ya 4 haina. Codex Sinaiticus, iliyotoka monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai, haikuwa nayo ilipoandikwa, mkono wa baadaye ukayaongeza, na nyongeza inaonekana. Namba za aya zenyewe ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551, kwa kufuata Kigiriki alichokuwa nacho, kabla wasomi hawajazichambua hati hizo mbili. Walipogundua kwamba mstari fulani uliingia baadaye hawakupanga namba upya, waliacha pengo ili ulione. Mwizi haachi pengo lenye namba.

Na mabadiliko ya kweli? Ludwig Krapf alianza kutafsiri Mwanzo akiwa Mombasa miaka ya 1840. Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, yuleyule aliyewaleta watumwa waliokombolewa kutoka Unguja hadi Masasi mwaka 1876, alisimamia Kiswahili cha Unguja, na Biblia nzima ikatoka 1891, miaka tisa baada ya kifo chake. Mombasa wakawa na yao ya Kimvita, 1914. Mlutheri Karl Roehl akatoa ya kwake 1937, akipunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Ndipo 1952 ikaja Union, kwa nia ya kuwa na kitabu kimoja kwa wote, na katikati ya miaka ya 1990 Habari Njema kwa lugha nyepesi. Kwa hiyo bibi yako wa Masasi aliyejifunza Zaburi kwa Kiswahili cha Steere hana maneno unayoyasoma wewe. Bibi yuko sahihi, nawe uko sahihi, na hakuna jini kati yenu. Kinachoniudhi ni kwamba karne nzima ya watu waliokesha wakitafuta neno sawasawa inafutwa na kijana mwenye simu anayesema "yamebadilika yenyewe".

Majirani zetu Waislamu wanayo hoja yao ya kale kwamba maandiko yaliguswa na watu, na tangu miaka ya 1980 wahadhiri wamesimama viwanjani na matoleo mawili mkononi wakilinganisha. Hiyo ni hoja ya hati na historia, unaweza kuketi ukaijibu. Hii ya kugeuka usiku haijibiki, maana kila hati utakayoonyesha itaambiwa nayo imegeuzwa.

Ujumbe wa WhatsApp unaosema NIV imefuta maneno 64,575 na aya 45, kwa sababu mchapaji wake anachapa pia kitabu cha mashetani, nao nimeuchoka. NIV ni ya Kiingereza, wengi wanaonitumia ujumbe huo hawajawahi kuimiliki. HarperCollins inayolaumiwa ndiyo hiyohiyo inayochapa New King James kupitia Thomas Nelson. Na wanaoshauri ukimbilie King James kama ngome wajue kwamba toleo linalouzwa leo linafuata marekebisho ya Oxford ya 1769, na kwamba chapa ya 1611 yenyewe, pembeni ya Luka 17:36, ilisema aya hiyo haimo katika nakala nyingi za Kigiriki. Mwaka 1631 wachapaji wa London waliruka neno la kukanusha katika amri ya uzinzi, wakatozwa faini ya pauni 300. Kosa la neno moja lilionekana na likamfikia mfalme. Kuhusu kupaka Biblia mafuta ya upako ili isigeuzwe: mafuta yanaharibu karatasi.

Ya kufanya, haraka. Tazama jina la tafsiri na mwaka. Kwenye simu, angalia programu imefungua toleo gani, maana kulibadili ni kugusa kioo mara moja bila kujua. Soma tanbihi na mabano. Soma sura nzima. Linganisha na nakala ya karatasi ya zamani, ya kigangoni au ya jirani. Zaburi zikipishana namba, ni hesabu ya Kiebrania na ile ya Kigiriki na Kilatini. Muulize paroko au mchungaji, au Chama cha Biblia cha Tanzania, makao yake Dodoma. Ukibaki na tofauti ambayo hakuna lolote kati ya hayo linaloieleza, niletee vitabu vyote viwili. Video usiniletee.