Bwawa, tuta au utoro? Majina yanayohitaji kueleweka Kyela kabla Mto Songwe haujazuiwa

Na Mwandishi Wetu

MASIKA yanapofikia kilele chake, kati ya Aprili na Mei, mkazi wa Bujonde au Katumba Songwe wilayani Kyela hahitaji kufafanuliwa maana ya neno mafuriko. Mvua inayonyesha katika milima ya Rungwe na Ileje huteremka kupitia mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na mito hiyo yote hupita katika uwanda wa mpunga kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Nyasa. Mwaka ukiwa mbaya, shamba, nyumba na njia huwa kitu kimoja.

Kinachohitaji ufafanuzi ni lugha itakayotumika siku mmojawapo wa mito hiyo utakapowekewa ukuta. Serikali za Tanzania na Malawi zimekuwa katika mpango wa kulidhibiti bonde la Mto Songwe tangu miaka ya 1990, na mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde hilo. Kazi kubwa katika mpango huo ni bwawa la Songwe ya Chini, linalotarajiwa kuzalisha umeme wa takriban megawati 180, kumwagilia mashamba ya pande zote mbili za mpaka na kupunguza mafuriko ya uwandani.

Neno la kwanza lenye utata ni hilo hilo bwawa. Katika Kiswahili cha zamani, bwawa ni kinamasi, yaani ardhi oevu yenye maji yaliyotuama. Hoteli ya Bwawani mjini Zanzibar ilipata jina lake kwa sababu hiyo. Leo mhandisi akisema bwawa anaweza kuwa na maana ya ukuta unaozuia mto, au maji yaliyokusanyika nyuma ya ukuta huo, au vyote kwa pamoja. Kwa hiyo tangazo la kwamba "bwawa limejaa" ni habari ya kawaida, na tangazo la kwamba "bwawa limepasuka" ni habari ya kukimbia, lakini neno linalobeba habari zote mbili ni moja.

Ukisafiri kwenda Shinyanga au Tabora utasikia lambo, ambalo ni bwawa dogo la udongo linalokinga maji ya mvua kwa ajili ya mifugo na matumizi ya nyumbani. Kando yake huwapo birika la kunyweshea ng'ombe, jina ambalo mtu wa mjini hulihusisha na chai. Katika milima ya Upare jina ni ndiva: bwawa la kijiji linaloachwa lijae usiku kucha, kisha hufunguliwa asubuhi ili maji yaende mashambani kwa zamu. Wachaga nao wana mfongo, mfereji unaotoa maji mtoni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi migombani. Huko majina haya yana sheria zake, zamu zake na hata wazee wake wa kusuluhisha ugomvi, na ndiyo maana hayajafutika.

Kyela haikuhitaji ndiva. Wilaya hii ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na taabu ya mkulima wake mara nyingi imekuwa kuyaondoa maji kuliko kuyatunza. Msamiati wa kuzuia mto, kwa sehemu kubwa, unaletwa na wataalamu kutoka kwingineko. Mbali kidogo tu, katika uwanda wa Usangu wilayani Mbarali, wakulima wa mpunga wamekwisha kulizoea neno banio. Hicho ni kizuizi kifupi kinachojengwa kukata mto ili maji yapande kidogo na kuingia katika mfereji mkuu. Banio halihifadhi maji ya msimu mzima, bali huyabana tu, kama jina linavyosema, na maji yaliyozidi hupita juu yake bila madhara.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo mtu anayeishi chini ya bwawa anapaswa kuifahamu kuliko zote. Banio hujengwa ili maji yapite juu yake. Tuta la bwawa la udongo halijengwi hivyo. Maji yakipita juu ya tuta hukwangua udongo, hufungua mfereji, na katika muda mfupi mfereji huo huwa lango la mto mzima. Kwa sababu hiyo kila bwawa hupewa njia ya pembeni, iliyo chini kuliko kilele cha tuta, ya kupitishia maji yanayozidi. Wataalamu wa maji nchini huiita utoro wa maji.

Ni jina zuri, kwa kuwa maji hayo kweli yanatoroka, lakini nje ya ofisi za maji utoro ni wa wanafunzi na wafungwa. Tuta nalo lina mashaka yake. Kwa mkulima ni la viazi, na kwa dereva wa barabara kuu ya Tunduma ni lile linalomlazimisha kupunguza mwendo. Anayeambiwa kwamba "utoro umeziba" ana kila sababu ya kudhani hayamhusu, ilhali hiyo ni moja ya taarifa za hatari kubwa kabisa kuhusu bwawa. Nyingine ni maji yanayovuja chini ya tuta yakiwa na tope. Yakivuja meupe, hufuatiliwa. Yakivuja na udongo, maana yake tuta linaliwa kutoka ndani.

Kwamba majina yana uzito ilionekana nchini Kenya Aprili 2024, maji yalipoifagia Mai Mahiu usiku na kuua makumi ya watu. Taarifa za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye wizara inayohusika na maji ilieleza kuwa halikuwa bwawa, bali kalavati lililopitisha mto chini ya tuta la reli. Lilikuwa limeziba, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi likavunjika. Hakuna aliyekuwa amekusudia kujenga bwawa mahali pale, na kwa hiyo hakukuwa na utoro.

Mwezi huo huo, wakazi wa Rufiji na Kibiti walikuwa katika mafuriko, na mjadala mkali ukazuka kuhusu maji yaliyofunguliwa katika Bwawa la Julius Nyerere. Bwawa la umeme hupenda kujaa, kwa kuwa kina cha maji ndicho kinachosukuma mitambo. Bwawa la kukinga mafuriko hupenda kuwa na nafasi tupu, ili mvua kubwa ikija ipate pa kukaa. Bwawa la Songwe linatarajiwa kufanya kazi zote mbili, na umwagiliaji juu yake. Atakayeamua nafasi hiyo iwe kiasi gani kila ifikapo Machi ndiye atakayeamua, kwa kiasi kikubwa, hali ya Bujonde ifikapo Mei.

Songwe ni mto wa mpaka wenye tabia ya kuhama njia yake, na kila unapohama huacha swali la shamba la nani limebaki nchi gani. Ziwa unaloingia lina majina mawili, Nyasa kwetu na Malawi kwa majirani. Tangazo la kufunguliwa kwa malango litapaswa kutolewa kwa Kiswahili upande mmoja, na kwa Kiingereza na lugha za Malawi upande wa pili. Hata hivyo, Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga husikilizana bila mkalimani, na maji ya Songwe wanayaita amisi. Kwa lugha hiyo wanayoshiriki, tangazo la dakika mbili redioni lingeweza kusema wazi ni kitu gani kinafunguliwa, maji yatafika uwandani baada ya saa ngapi, na mwenye ng'ombe awapeleke upande upi.