Pai ya Samaki na Kamba Katika Nyumba ya Kiislamu

Katika Sura ya Maida, aya ya 96, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mavuo ya baharini. Neema hii yataka shukrani, na katika shukrani ni kuipika vizuri bila ya kuichanganya na haramu.

Mama na mabinti wengi hupenda kujaribu mapishi ya kigeni. Si vibaya, maadamu mpishi ajua anachokitia chunguni. Moja katika mapishi hayo ni pai ya vitu vya baharini, ambayo watu wa Uingereza na wa pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani huila moto moto siku za baridi. Nasi yatufaa siku za masika, mvua inaponyesha na jamaa wote wamo nyumbani.

Mambo mawili yachungwe. Kwanza, baadhi ya wapishi wa huko hutia divai katika mchuzi. Wako wasemao kwamba kileo chote huruka motoni. Si kweli, baadhi yake hubaki; na divai ni haramu tangu kabla ya kufika jikoni. Ndimu itakupa ukali wautakao. Pili, mkate wa juu huweza kukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Ukinunua uliokwisha kukandwa, soma karatasi yake. Bora ukande mwenyewe.

Kwa watu 6 twaa unga wa ngano gramu 250 na siagi baridi gramu 125. Fikicha pamoja mpaka ziwe chenga, tia chumvi kidogo na maji baridi vijiko 4 au 5, fanya donge, ulifunike nusu saa.

Nusu kilo ya nguru au kolekole itie chumvi, uitokose katika nusu lita ya maziwa. Mtoe samaki, umchambue miiba yote kwa vidole, kwa ajili ya watoto na wazee. Kaanga kitunguu katika siagi gramu 50, tia unga vijiko vikubwa 4, kisha mimina maziwa yale kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka yawe mazito. Epua. Changanya samaki, robo kilo ya kamba waliomenywa, karoti na njegere zilizochemshwa, pilipili manga na ndimu kidogo.

Mimina katika bakuli la kuokea, iache ipoe, kwani mchuzi wa moto huulegeza mkate. Sukuma donge, ufunike, utoboe katikati mvuke upate kutoka. Oka kwa nyuzi 200 muda wa dakika 30 hadi 35. Asiye na joko atumie sufuria, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko.

Ukialika wageni, uliza kwanza. Kwa sisi Mashafi kamba ni halali. Wanavyuoni wa Hanafi huruhusu samaki tu katika viumbe vya baharini, nao wamehitilafiana kama kamba ahesabiwa samaki. Akiwapo mgeni mwenye kujizuia, mpikie ya samaki mtupu, wala asibishiwe mezani. Mtume Muhammad (s.a.w.) hakupata kukitia ila chakula: alipokipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Na alitufundisha kula pamoja na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, ili tubarikiwe. Basi pai na iwekwe katikati, baba, mama na watoto wakae, waseme Bismillahi, wale.