Ubongo unaalikwa, pasipoti inakataliwa

Wangari Maathai wa miti kila mtu anamjua. Tulimsoma shule ya msingi, tukachora picha yake, tukapanda miche ambayo wengi wetu hatukurudi kuimwagilia maji. Lakini Wangari wa maabara? Huyo hatukuambiwa sana.

Basi sikia. Mwaka 1960, msichana huyo wa Nyeri aliingia katika kundi la Wakenya takriban 300 waliopata nafasi ya kwenda kusoma Marekani. Alisomea biolojia katika chuo kidogo mjini Atchison, jimbo la Kansas, kisha akafanya uzamili Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Januari 1966 akarudi Nairobi na barua ya kazi mkononi: msaidizi wa utafiti kwa profesa wa zuolojia. Alipofika kuripoti akaambiwa pole, kazi imeshapewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini alinyimwa kwa sababu ni mwanamke na kwa sababu ya kabila lake.

Aliyemwokoa ni Reinhold Hofmann, profesa Mjerumani wa Chuo Kikuu cha Giessen aliyekuwa Nairobi wakati huo katika anatomia ya mifugo. Alimpa kazi, akamsukuma aendelee na masomo, na mwaka 1967 Wangari akaenda Ujerumani kufanya utafiti Giessen na Munich. Mwaka 1971 alipata shahada yake ya uzamifu hapa hapa Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Miti ilikuja baadaye.

Nimemtaja kwa sababu mtafiti kijana wa leo akisoma stori hiyo anajiona. Mlango unafunguka ng'ambo, mwingine unafungwa nyumbani, halafu anatokea mtu mmoja mwenye cheo anayeamua kukushika mkono. Kilichoongezeka siku hizi ni viza.

Mimi si mtafiti. Chuo niliacha mwaka wa pili, sasa naandika blogu na kula kwa jasho la kibodi. Lakini watu niliowaacha darasani ndio hao wanaohangaika na uzamili na uzamifu, na tukikutana kwa chai hawalii kuhusu hesabu ngumu. Wanalia kuhusu karatasi.

Mmoja wao anashughulika na akili unde, upande wa kufunza kompyuta kusikia lugha zetu. Ni kazi tamu hiyo: ukiongea Kiswahili cha Eastleigh, mashine ikuelewe bila kukulazimisha uongee kama mtangazaji wa redio. Makala yake ilikubaliwa na kongamano moja Ulaya. Waandaaji wakasema watalipa tiketi na malazi. Jamaa akakusanya kila kitu: barua ya mwaliko, barua ya chuo, bima, taarifa ya benki, picha ya kipimo kile cha ajabu. Majibu yakaja kwamba maafisa hawajaridhika kuwa atarudi kwao.

Ana miaka 27. Hana shamba, hana mke, hana gari, anaishi chumba kimoja Juja. Sasa angethibitisha vipi kwamba atarudi? Alete picha ya sufuria zake? Makala ikawasilishwa na mwenzake aliyefika huko kwa treni. Jamaa aliitazama kwa simu, bando ikakatika maswali yalipoanza.

Na hasara ni yako. Tangu Juni 2024, ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ilipanda kutoka euro 80 hadi 90, mbali na ada ya kampuni inayopokea maombi. Ukinyimwa, hurudishiwi. Kuna mtu Nairobi analipa kodi ya mwezi mzima kwa pesa hizo.

Usidhani ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Mwaka 2018 kongamano kubwa la akili unde, NeurIPS, lilifanyika Montreal, na watafiti wengi waliotaka kuhudhuria warsha ya kundi la Black in AI walinyimwa viza za Kanada. Mwaka 2022 kongamano la kimataifa la UKIMWI likafanyika mji huo huo na wajumbe kibao kutoka Afrika wakakwama makwao. Fikiria hilo la pili polepole. Ugonjwa uliozika watu wengi Afrika unajadiliwa, na wanaoutibu kila siku wako nyumbani wakisubiri barua pepe.

Kilichonifurahisha ni jinsi watu walivyojibu. Kongamano lingine la akili unde, ICLR, lilipangwa kuja Addis Ababa mwaka 2020. Korona ikaharibu, likafanyika mtandaoni. Halikukata tamaa: Mei 2023 lilikuja Kigali. Na kabla ya hapo, vijana wa Kiafrika walikuwa wameshaanzisha mkutano wao, Deep Learning Indaba, ulioanzia Johannesburg mwaka 2017. Mwaka 2019 ulifika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Yaani kwa wiki nzima ungepanda matatu ya Thika Road ukasikilize watu ambao kwa kawaida unawatazama YouTube.

Sasa tuseme unataka kwenda, na si kwa wiki moja. Kuna mpango wa Umoja wa Ulaya unaoitwa Marie Skłodowska-Curie, jina la mwanasayansi wa Poland aliyelazimika kwenda Paris mwaka 1891 kwa kuwa chuo kikuu cha kwao Warsaw hakikuruhusu wanawake. Wengi hawaujui, au wanadhani ni wa Wazungu peke yao. Hapana. Mitandao yake ya uzamifu na ufadhili wake wa Ulaya kwa waliomaliza uzamifu hauangalii uraia. Kinachoangaliwa ni kama umehama kweli: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Kwa Mkenya ambaye hajawahi kutoka, sharti hilo ni zawadi.

Tena ukiingia kwenye mtandao wa uzamifu huitwi mwanafunzi wa kupewa pesa za chakula. Unaajiriwa kwa mkataba, mshahara, bima na marupurupu ya kuhama, na kuna posho ya familia kwa aliye na mume, mke au mtoto. Hilo la familia nataka dada zetu walisikie, maana nawajua wawili waliokataa nafasi nzuri kwa sababu ya mtoto mchanga bila hata kuuliza. Nafasi hutangazwa kama kazi nyingine yoyote, nyingi katika tovuti ya Euraxess, na kuomba ni bure. Wakala anayekuitisha elfu ishirini "akufungulie faili" anakula jasho lako.

Mtafiti aliye na mkataba pia huomba kibali cha watafiti, si viza ya mtalii. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016 inampa ruhusa ya kufanya utafiti kwa muda katika nchi nyingine wanachama, na utafiti ukiisha anapewa angalau miezi tisa ya kutafuta kazi au kuanzisha biashara. Denmark na Ireland haziko katika mpango huo.

Lakini si lazima kila mtu apande ndege ya usiku. Pale Kasarani, unapopita ukiangalia uwanja wa michezo, kuna icipe, kituo cha wadudu kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970. Huyu mzee alisoma Makerere, akapata uzamifu Cambridge, akarudi, na badala ya kulalamika kwamba hakuna maabara akajenga moja ambayo Wazungu nao wanaomba nafasi. Icipe ndiyo inasimamia ufadhili wa RSIF: unajiandikisha kwa uzamifu katika chuo kikuu cha Afrika, kisha unapelekwa kwa muda kwenye maabara ya nje, halafu unarudi kumalizia. Pale JKUAT kuna tawi la Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika linaloleta vijana kutoka kila pembe ya bara hili kusomea sayansi. Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome wamekuwa wakipokea vijana waliomaliza digrii tangu zamani, wakiwafundisha kazi kabla hata ya uzamili. Kitisuru kuna APHRC, inayoongoza muungano wa CARTA pamoja na Chuo Kikuu cha Wits, ila huo ni wa wafanyakazi wa taasisi wanachama. Hapa Kenya vyuo hivyo ni Nairobi na Moi.

Shida kubwa, kwa maoni yangu, ni ile ya Wangari wa 1966: kurudi. Sheria ya Sayansi ya mwaka 2013 inasema hazina ya taifa ya utafiti ipewe asilimia mbili ya pato la nchi kila mwaka. Haijawahi kupewa hata karibu na hapo. Kijana anarudi na uzamifu, anapewa masomo manne ya kufundisha kwa mkataba wa muda, malipo yanachelewa muhula mzima, na mashine aliyozoea haipo. Mwaka 2025 wahadhiri waligoma wiki saba. Halafu afisa wa viza anauliza kijana ataonyesha nini kwamba atarudi nyumbani. Ukweli ni kwamba swali hilo lingestahili kuulizwa Hazina Kuu, pale Harambee Avenue.

Kama unapanga, mambo mawili ya haraka. Ombi la viza ya Schengen linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, kwa hivyo usingoje wiki tatu za mwisho. Na dirisha la ufadhili wa Marie Curie kwa waliomaliza uzamifu huwa linafungwa Septemba, lakini msimamizi wa kukukubali huko anatafutwa miezi mingi kabla. Mwandikie mwenyewe, barua fupi, ukionyesha kwamba umesoma kazi zake.

Jamaa wangu wa Juja ameandika makala ya pili. Hii ameipeleka kwa kongamano la Afrika Kusini, ambako tangu Januari 2023 Mkenya huingia bila viza hadi siku 90 kwa mwaka. Nauli anakopa kwa chama.