Brashi za vipodozi: Hesabu nyuso, usihesabu vipande

Na Mwandishi Wetu, Tabora

WAPAMBAJI wa maharusi na wenye saluni mjini Tabora wanaweza kupata brashi za vipodozi zenye ubora kwa bei wanayoimudu, iwapo wataacha kukimbilia seti kubwa za vipande vingi na badala yake kuchagua brashi chache, moja moja, baada ya kuzijaribu kwa mkono. Seti inayoonekana rahisi dukani mara nyingi ndiyo inayokula mtaji.

Suala hili lina uzito zaidi Tabora kuliko Dar es Salaam. Mji huu uko takriban kilometa 840 kwa reli kutoka pwani, na bidhaa nyingi za urembo zinazouzwa hapa hununuliwa kwa jumla Kariakoo na kuletwa kwa basi, lori au treni. Mkazi wa Dar es Salaam akiuziwa brashi mbovu anaweza kurudi dukani kesho yake kudai haki yake. Kwa aliyeagiza kutoka Tabora, nauli ya kurudi ni kubwa kuliko thamani ya brashi yenyewe. Naye muuzaji wa hapa hukuonyesha maneno yaliyozoeleka kwenye stakabadhi: mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa hiyo ukaguzi hauna budi kufanywa kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Njia ile ile

Biashara ya urembo si ngeni katika njia hii. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilibeba nguo, nyaya za shaba na shanga, mpagazi mmoja akichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, alieleza kuwa shanga zilikuwa za aina nyingi na kila nchi ilikuwa na chaguo lake. Aliyeleta rangi isiyotakiwa alibaki nayo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na kumpumzisha mpagazi, lakini kanuni ya soko ilibaki: mzigo mbaya ukishafika huku, hasara ni ya aliyeupokea.

Hesabu ya mtaji

Tuchukue mfano. Seti ya brashi 24 inauzwa sh. 15,000, na inapamba nyuso 50 kabla nywele hazijapukutika. Kila uso umegharimu sh. 300. Brashi tano nzuri za sh. 6,000 kila moja zinafika sh. 30,000, lakini zikipamba nyuso 300, kila uso umegharimu sh. 100 tu. Tarakimu hizi ni za mfano. Msomaji aweke bei za duka lake na idadi ya wateja wake, kisha alinganishe.

Ukweli ni kwamba mpambaji hahitaji brashi 24. Kazi ya kawaida ya sendofu au harusi hukamilishwa na tano: kubwa ya poda, ya wastani ya rangi ya mashavu, bapa ya krimu ya msingi, ndogo ya rangi ya kope, na nyembamba iliyokatwa mshazari kwa ajili ya nyusi. Zinazobaki ni za kujaza mkoba.

Nywele za mnyama au nailoni

Brashi za nywele za mnyama, hasa mbuzi, hushika poda vizuri kwa sababu unywele wake una magamba madogo. Za nailoni ni laini na hazinywi maji, hivyo hufaa kwa krimu na vipodozi vya majimaji, tena huoshwa na kukauka upesi. Mwenye fedha kidogo aanze na nailoni nzuri, kisha aongeze moja ya mbuzi kwa poda. Brashi ya nywele za mnyama ikitumika kwenye krimu hunywa kipodozi, na hapo mpambaji hulipa mara mbili.

Siri ya ubora iko kwenye ncha. Huko Kumano, Japani, mji unaosifika kwa brashi za kuandikia na za vipodozi, mafundi hupanga nywele ili ncha zake za asili zibaki bila kukatwa. Sifa ya kazi yao ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2011 serikali ya Japani iliwazawadia brashi hizo wanasoka wanawake waliotwaa Kombe la Dunia. Ncha iliyokatwa kwa mkasi huchoma ngozi. Ya asili huteleza.

Ukaguzi wa dakika tano

Kabla ya kulipa, mnunuzi anashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Pitisha brashi kwenye shavu au upande wa ndani wa mkono. Ikichoma, iache.

2. Vuta nywele kwa vidole mara tatu. Unywele mmoja au miwili si neno. Zikitoka nyingi, gundi ni hafifu.

3. Shika mpini kwa mkono mmoja na bati linaloshika nywele kwa mwingine, kisha zungusha. Lisicheze. Bati lililobanwa kwa mistari miwili huwa imara zaidi.

4. Lowesha kitambaa cheupe na usugue nywele za rangi. Rangi ikitoka kwenye kitambaa, itatoka pia usoni mwa bibi harusi.

5. Muuzaji akidai ni nywele za mbuzi, omba kuchoma unywele mmoja uliotoka. Wa mnyama hunuka kama nywele zilizoungua na kuwa jivu. Nailoni huyeyuka na kuwa kijidonge kigumu.

Muuzaji anayekataa majaribio haya amekwisha kujibu swali. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tazama pia duka la vifaa vya shule

Wengi hawaangalii upande huu. Katika mpangilio wa kimataifa wa ushuru wa forodha, brashi za wachoraji, za kuandikia na za kupakia vipodozi zimo katika kifungu kimoja, namba 9603.30. Brashi mpya ya uchoraji ya nailoni laini inaweza kufanya kazi ya midomo, wanja au nyusi bila tatizo. Zenye nywele ngumu za nguruwe zisiguse uso.

Njia nyingine ni kununua kwa pamoja. Wapambaji watano wanaocheza upatu wakiagiza dazeni kadhaa Kariakoo hupata bei ya jumla, na gharama ya kifurushi cha basi hugawanywa. Mmoja anayesafiri apewe jukumu la kukagua kabla ya kulipa.

Usafi ni sehemu ya bei

Brashi moja ikipita kwenye macho ya wateja wanne bila kuoshwa inaweza kuhamisha maambukizi ya macho na ngozi, na mteja aliyeamka na macho mekundu harudi. Usimamizi wa usalama wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019, lakini alama iliyo kwenye kopo la poda haisemi lolote kuhusu usafi wa brashi inayoichota.

Brashi zioshwe kwa sabuni laini au shampuu na maji ya vuguvugu, nywele zikielekea chini ili maji yasiingie kwenye bati na kulegeza gundi. Zikaushwe zikiwa zimelazwa kivulini, si kusimamishwa ndani ya kikombe. Mwenye wateja wengi kwa siku awe na jozi mbili za brashi za macho.

Katikati ya mwaka, masoko ya tumbaku yakishalipa Urambo na Kaliua, fedha huingia mifukoni na sherehe hufuata. Mpambaji atakayekagua na kununua mapema, kabla ya pilikapilika, ndiye atakayebaki na faida.