Laptopu mpya Ukambani: uliza kwanza umeme utatoka wapi

Laptopu inapoingia nyumba ya kijijini Kitui au Makueni kwa mara ya kwanza, haiji peke yake. Nyuma yake kuna ng'ombe aliyeuzwa, mchango wa ukoo, au mkopo wa chama ambao mama bado anaulipa. Ndiyo maana huniuma kuona mashine ya namna hiyo ikifa ndani ya mwaka mmoja, au ikijifunga na kazi yote ya mwanafunzi ndani yake, kwa sababu ya mambo ambayo yangemalizwa siku ya kwanza.

Mimi ni mtu wa Pwani, lakini kazi ya ufundi imeniweka Ukambani miaka kadhaa sasa, nikizunguka kati ya Wote, Kibwezi, Kitui mjini na Mutomo. Msomaji wa Mombasa au Malindi asiseme haya hayamhusu. Wako watoto wetu wanaosoma chuo kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza, na wako ndugu zetu wenye maduka Makindu na Mtito Andei. Tena maji ya mto Athi, unaozitenganisha kaunti hizi mbili, ndiyo hayo hayo yanayofika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Jua na vumbi la Mutomo ni jua na vumbi la Kinango na Ganze. Nitakayoyaeleza hapa yanafaa huko pia.

Somo la vishikwambi

Mwaka 2013 serikali ya Jubilee iliingia madarakani na ahadi ya laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikazua ubishi na kesi, mpango ukabadilishwa, na mwaka 2016 shule za msingi zikaanza kupokea vishikwambi badala yake, pamoja na laptopu za walimu. Hatimaye zaidi ya vifaa milioni 1 vilisambazwa nchini.

Jambo ambalo wengi hatukulitilia maanani ni kwamba kabla ya vifaa kufika, ilibidi shule zipelekewe umeme kwanza. Zilizo karibu na nyaya zikaunganishwa na stima, na zilizo mbali zikawekewa sola. Serikali ilijua kwamba kifaa bila umeme ni sahani tupu. Lakini mzazi anayemnunulia mwanawe laptopu leo hulisahau hilo. Dukani huulizia bei, ukubwa wa kioo na rangi, wala haulizi kama kisanduku cha sola kilichoko nyumbani kitaweza kuichaji.

Hesabu ndogo ya umeme

Tuanze hapo, maana hesabu yenyewe si ngumu. Umeme wa kifaa hupimwa kwa wati, na akiba ya betri hupimwa kwa wati-saa. Betri ya laptopu ya kawaida hubeba wati-saa 40 hadi 60, na chaja yake huwa ya wati 45 au 65.

Sasa tazama sola ya nyumbani, ile inayolipwa kidogo kidogo kwa simu. Paneli yake mara nyingi ni ndogo, tuseme wati 10. Jua la Ukambani ni kali, na kwa siku nzuri unaweza kuhesabu saa 5 za jua kamili. Wati 10 mara saa 5 ni wati-saa 50, na sehemu yake hupotea njiani kwenye nyaya na betri. Kitakachobaki hakijazi laptopu moja, na bado taa zinakingoja usiku. Sola hiyo ni nzuri kwa taa, redio na simu. Haikutengenezwa kwa laptopu, na ukiilazimisha utabaki gizani.

Paneli ya wati 100 ni hadithi nyingine. Kwa jua lile lile itatoa wati-saa 500 kwa siku. Ukitoa kinachopotea, weka makisio ya 350. Hapo laptopu itajaa mara moja au mbili, na taa na simu zitapata haki yao. Paneli iende na betri ya kuhifadhi na kontrola, kile kidude kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi. Kama betri ni ile ya asidi inayofanana na ya gari, usiitumie ikapita nusu, la sivyo utainunua tena mapema.

Kuna swali la inveta, chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa stima. Inveta za bei ya chini hutoa umeme wa mawimbi ya mraba, na chaja nyingine huchemka au hulia zikilishwa umeme huo. Nunua yenye mawimbi laini ukiweza. Njia iliyo bora zaidi, laptopu yako ikikubali, ni kuikwepa inveta kabisa. Mashine nyingi za siku hizi huchajiwa kwa tundu dogo la mviringo bapa kama lile la simu mpya. Hizo zinaweza kulishwa moja kwa moja na chaja ya gari yenye nguvu ya wati 45 au zaidi, ikiunganishwa na betri ya sola ya volti 12. Umeme unaopotea ni mchache, na kuna kifaa kimoja kidogo cha kuharibika.

Kabla ya kuiwasha

Geuza chaja usome maandishi madogo mgongoni. Ukiona imeandikwa volti 100 hadi 240, inafaa Kenya bila kibadilishi chochote, hata kama mjomba ameituma kutoka Marekani. Kinachobadilika ni plagi tu. Zinazotoka Dubai na Muscat kwa kawaida huja na plagi ya miguu mitatu ya bapa kama yetu. Zinazotoka Marekani zina miguu miwili ya bapa, na za Ujerumani zina miguu miwili ya duara.

Hapo ndipo naomba tuache ile tabia ya kuchokora tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie. Tundu lile ndilo linalofungua vizuizi vya usalama, na kuingiza plagi isiyo yake huacha miguu ikicheza na kutoa cheche. Waya wa kubadilisha ni wa bei ndogo katika duka lolote la umeme Wote au Kitui.

Kisha chomeka chaja kabla ya kubonyeza swichi. Laptopu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimelazwa usingizi ili betri isiishe safarini, na haziamki mpaka zionje umeme. Nimeshaona mtu akipanda matatu kurudisha mashine nzima dukani kwa sababu hiyo tu.

Mtu akikuambia uichaji saa 8 au usiku kucha kabla ya kuitumia, mshukuru, ila usimfuate. Ushauri huo ulikuwa wa betri za zamani za nikeli. Betri za lithiamu hazina haja hiyo. Unaweza kuitumia huku ikijaa.

Fanya mipangilio mjini

Siku ya kwanza laptopu huuliza maswali mengi, na huhitaji intaneti. Ikimaliza kuuliza huanza kupakua marekebisho ya gigabaiti kadhaa. Ukifanya haya kijijini kwa bando la simu, bando litaisha kabla laptopu haijamaliza, na stima ikikatika katikati ya marekebisho huku betri ni tupu, unaweza kuharibu programu zenyewe. Kwa hivyo nashauri kazi hii ifanyiwe mjini, penye intaneti isiyopimwa na umeme wa kutegemewa: chuoni, kwa ndugu aliye na mtandao, au saiba. Tenga nusu siku. Ukirudi kijijini na kutumia intaneti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiambie mashine kwamba mtandao huo unapimwa, nayo itapunguza kupakua vitu kimyakimya.

Kwenye maswali, nchi chagua Kenya. Kibodi ichague kwa kuitazama. Kibodi za Uingereza na za Marekani zinatofautiana kidogo, na alama ya @ ni moja ya zinazohama. Ukichagua isiyo sahihi utaandika paswadi ambayo macho yako hayaioni, halafu kesho ukatae kwamba umeisahau.

Akaunti ni ya nani?

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko umeme, nami nataka msomaji atulie hapa.

Madukani kuna desturi ya fundi kumwashia mteja laptopu na kuimalizia kila kitu kwa akaunti yake mwenyewe. Mteja hufurahi kwa kuokolewa usumbufu. Lakini Windows 11 ikiingizwa akaunti ya Microsoft, kwenye mashine nyingi hujifungia diski kwa kufuli la siri bila kukuuliza, na ufunguo wa akiba huuweka ndani ya akaunti ile. Siku laptopu itakapotengenezwa, au marekebisho fulani yakaishtua, kioo kitageuka buluu na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Kama akaunti ni yako, utaingia kwenye simu na kuusoma. Kama ni ya fundi aliyehama duka, hakuna mtu duniani atakayeifungua diski hiyo. Itafutwa ianze upya, na kila kilichokuwamo kitakwenda.

Nilimwona binti wa chuo akipotelewa hivyo na mradi wake wa mwaka wa mwisho, wiki chache kabla ya kuuwasilisha. Mashine yenyewe ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Aliniuliza, "Fundi, kwa hivyo kazi yangu imo humu ndani, ila hatuifikii?" Nikamjibu ndiyo. Sikuwa na jibu jingine.

Kwa hiyo kaa mwenyewe kwenye kiti. Fungua akaunti kwa barua pepe yako na namba yako ya simu. Kama mzazi hana barua pepe, ifunguliwe ya mtoto, si ya fundi wala ya jirani. Mali bila daftari huisha bila habari: andika paswadi na ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye daftari, uliweke na hati za shamba. Kazi muhimu iwe na nakala kwenye flashi au kwenye barua pepe. Akaunti hiyo hiyo ya barua pepe ndiyo atakayoitumia mwanafunzi kuomba nafasi ya chuo KUCCPS na mkopo HELB. Akiipoteza, hapotezi laptopu peke yake.

Kwa wanaonunua mashine zilizotumika Ulaya, ongezeni maswali mawili. La kwanza, inaendesha Windows gani? Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. La pili, betri imebaki na uwezo gani? Mwambie muuzaji aitoe ripoti ya betri mbele yako. Huonyesha uwezo iliozaliwa nao na uwezo uliobaki. Ikiwa iliyozaliwa na wati-saa 50 sasa inashika 20, bei ishuke.

Kuishi nayo kwenye joto na vumbi

Betri ya lithiamu huuawa na joto kuliko kitu kingine. Nyumba ya mabati Kibwezi saa nane mchana si mahali pa kuichajia. Chaji asubuhi au jioni, mezani na si kwenye godoro, maana godoro huziba matundu ya kupumulia. Kama mashine yako ina mpangilio wa kuizuia betri isipite asilimia 80, uwashe siku ambazo unaitumia ikiwa kwenye umeme. Ukifunga chuo na kuiacha kwa muda mrefu, iache ikiwa nusu, si tupu wala si imejaa.

Stima ikianza kuja na kwenda, chomoa chaja. Laptopu ina betri yake, haina haja ya kushindana na umeme unaoruka. Rudisha baada ya dakika kadhaa stima ikitulia. Na vumbi lipanguse kwa kitambaa kikavu kila wiki.

Neno kwa wanaotoa zawadi

Siku hizi wanasiasa, wafadhili na vyama vya wanafunzi wa zamani hupenda kutoa laptopu kwa watoto waliofaulu. Ni jambo jema, na picha hupendeza. Lakini anayempa mtoto wa Kyuso au Kathonzweni laptopu bila kuuliza nyumbani kwao kuna umeme gani, anaipa familia deni jipya: nauli ya kwenda sokoni kuchaji, na shilingi za kuchaji kila mara. Mimi ningependa kuona laptopu chache zaidi, kila moja ikiwa na paneli yake, betri yake, na nusu siku ya mtu wa kukaa na mtoto mpaka akaunti iwe kwa jina lake.

Mzazi naye asione haya kuuliza dukani. Mwenye kuuza ng'ombe kununua mashine ana haki ya kujua itakula nini.